Ndita za Dirisha la Kwanza

Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja aliweka ndoo juu ya kaunta ya dirisha la kwanza, akaigeuza kifudifudi na kuipiga makofi ili mhudumu asikie jinsi ilivyo tupu. Mhudumu alisikia. Alikuwa amesikia ndoo tupu nyingi katika ofisi ile ya maji. Akasikiliza habari yote, bomba linalotoa hewa, mafundi waliofika wakatazama wakaondoka, na kadiri alivyosikiliza ndita mbili katikati ya nyusi zake zilizidi kuchimba. Ndivyo alivyosikiliza yeye. Wengine hutikisa kichwa, yeye alikunja uso. Wateja walimwita Bi Ndita, na walipanga foleni kwake hata dirisha la pili likiwa halina mtu.

Meneja alipita nyuma yake, akagonga kioo kwa ufunguo wa gari.

"Uso, dada."

Juu ya dirisha hilo paliandikwa MALALAMIKO kwa herufi nyekundu. Watu walifika pale na sabuni ikiwa bado imewakaukia masikioni, na meneja alitaka wapokelewe kwa bashasha, kana kwamba wamekuja kula biriani.

Dirisha la pili alikaa mwenzake ambaye wateja walimwita Bwana Yai, kwa kuwa uso wake haukuwa na kunyanzi hata moja. Angelipata wapi? Bi Ndita ndiye aliyemfundisha kazi, na katika yote aliyofundishwa alishika neno moja tu: "Nenda dirisha la kwanza." Siku bomba kubwa lilipopasuka na mtaa mzima ukamiminika ofisini, Bwana Yai alikwenda kumsindikiza shangazi yake kituo cha basi, akarudi jioni. Siku hiyo ndita ya kushoto ya Bi Ndita ilipata pindo dogo kwa chini, kama ndoano, na halikutoka tena.

Mkuu wa kitengo alikuwa amestaafu, na tangu hapo Bi Ndita ndiye aliyekaimu. Alikitaka cheo kile. Hakujificha wala hakuona haya. Alikuwa anaifanya kazi yenyewe, kilichobaki ni kuitwa kwa jina la cheo. Meneja akamwita ofisini.

"Kazi unaiweza, hilo hakuna anayebisha," alisema. "Shida ni huo uso. Wakubwa wanauliza kama una matatizo nyumbani."

"Matatizo ninayo hapa hapa."

"Basi ndiyo hayo sasa," alisema meneja, akiuelekeza mkono kwenye paji la uso la Bi Ndita.

Bi Ndita akaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari alikuwa mwanamke aliyechoshwa na jambo moja: kila aliyekaa kwenye kiti kile alileta picha yake ya siku ya harusi. Bi Ndita hakuleta picha, na daktari akamshukuru kwa hilo.

"Nikueleze mapema tusije tukalaumiana," alisema akivaa glavu. "Sindano hii inalegeza msuli. Mstari unaotokea ukikunja uso utapungua sana. Ule unaoonekana hata ukiwa umelala utafifia, lakini usitegemee ufutike. Utaanza kuona tofauti baada ya siku chache, subiri kama wiki mbili ndipo uhukumu. Miezi mitatu minne, msuli unaamka. Haiongezi heshima, haimrudishi mume, haipandishi cheo. Watu hawanisikii ninaposema hapo."

"Nimesikia. Na ndita zenyewe zinakwenda wapi?"

"Kwa kawaida humrudia aliyezichora. Hilo mimi sina dawa yake. Usisugue paji leo, na usilale mpaka usiku."

Zilihama Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana. Ya kulia ilitangulia, ikateremka kando ya pua, ikavuka kaunta, ikapanda mkono wa shati la Bwana Yai na kwenda kukaa katikati ya nyusi zake. Ya kushoto iliifuata ikiburuta ile ndoano yake. Bi Ndita alikuwa amedhani zitakwenda kwa meneja, au kwa baba watoto wake aliyeondoka kwenda kununua betri miaka mingi iliyopita. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Dada, humu kuna mbu?" aliuliza Bwana Yai, akijikuna.

"Hamna."

Mwenye ndoo, aliyekuwa amekuja tena, alizitazama zikipita. "Za dada yangu zilikwenda kwa mwenye nyumba wake," alisema. "Sasa, maji yangu?"

Tangu siku ile mambo ya dirisha la pili yalibadilika. Bwana Yai alipomwambia mteja kwamba mafundi wako njiani, ndita zilijikunja zenyewe, maana zilijua hakuna fundi aliyetoka. Mteja alipoona hivyo alishusha sauti. "Huyu baba anajali," walisema kwenye foleni. "Mtazame, ameumia kuliko sisi." Hakumaliza lalamiko hata moja, bado aliwatuma dirisha la kwanza, lakini sasa walikwenda wakimwombea dua.

Bi Ndita alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote, kwa makini mpaka shingo ikamuuma, na waliomfikia walikasirika. "Mimi nalilia maji, wewe umetulia kama uko likizo! Unanicheka?" Aliwaambia kwamba yeye hawacheki. Aliwaambia kwa mdomo kwamba amesikitika, na neno hilo likisemwa na uso laini vile hata yeye hakuliamini.

Nyumbani ndiko kulikomchosha zaidi. Kwa miaka yote alikuwa ameitawala nyumba kwa ndita mbili bila kupandisha sauti. Sasa vyombo vilishinda kwenye beseni.

"Mama, umekasirika?" aliuliza binti yake, bila kuondoa macho kwenye simu.

"Nimekasirika."

"Mbona huonekani?"

"Si ndiyo nakwambia!"

"Haya. Ukikasirika kabisa niite."

Alichukua wanja, akajichora mistari miwili mbele ya kioo. Binti akatoka, akamtazama, akasema ule wa kushoto umekosa ndoano. Vyombo aliviosha mwenyewe, akilia kwa hasira, na wanja ukimchuruzika puani.

Siku ya usaili wakubwa walikaa nyuma ya meza ndefu, meneja pembeni. Bi Ndita alijibu kila swali. Alijua bomba gani linapita chini ya shule na koki ipi haijawahi kufungwa. Bwana Yai, ambaye naye alikuwa ameomba cheo, aliulizwa hayo hayo, hakujua, lakini ndita zilijikunja kwa aibu ya kutojua, na wakubwa wakatazamana wakisema taratibu kwamba huyu bwana anafikiri kabla ya kusema.

Wakampa yeye. Bi Ndita akaingia kwa meneja bila kubisha hodi.

"Mmesema nini juu yangu?"

"Tumesema uso wako umetulia mno. Kitengo kinataka mtu anayeonekana amebeba mzigo. Mtu aliyekomaa."

"Zile ndita ni zangu. Ile yenye ndoano niliipata siku bomba lilipopasuka. Yeye hakuwepo."

"Tunajua ni zako," alisema meneja kwa upole kabisa. "Sote tulizitambua. Lakini zimemkaa vizuri."

Hapo Bi Ndita alitafuta uso wa kumwonyesha, akaukosa. Akafunga mlango kwa nguvu. Mlango ulikuwa wa kujifunga polepole, nao ukajifunga polepole.

Mkuu mpya alihamia chumba chenye feni. Jioni moja alimwita Bi Ndita amsaidie kujibu malalamiko ya wiki nzima, akiwa ameshika paji lake.

"Dada, hivi vitu vinauma. Wewe ulikuwa unavifanyaje?"

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Aa," alisema mkuu, akamsogezea na mafaili yaliyobaki.

Mwezi wa nne msuli uliamka, kama daktari alivyosema. Ndita za zamani hazikurudi. Zilikuwa zimeshapata chumba chenye feni. Zilianza mpya, changa, mwanzoni zikionekana kwenye mwanga wa dirisha tu.

Mwanamke mwenye ndoo alikuja akaiweka juu ya kaunta, akaigeuza. Akachungulia mlango wa mkuu, kisha akamrudia mhudumu.

"Zile si zako?"

"Zangu."

"Na maji?"

"Bado, mama. Hebu niambie tena tangu mwanzo."

Mwanamke akaanza tangu mwanzo, na Bi Ndita akamsikiliza, paji likijikusanya taratibu katikati ya nyusi. Nyuma yake ufunguo wa gari ukagonga kioo.

"Uso, dada."