Tairi za Ubaid

Ubaid wa Kaloleni alikuwa akikata viatu vya akala kutoka kwa tairi kuukuu, na upuuzi hakuuvumilia. Jirani yake Wacera, fundi wa magari, alimwomba tairi mbili za kwendea mashindano ya drifti, ambapo gari huserereka kwenye kona.

"Gari huenda mbele, mwanangu," Ubaid alifoka. "Likienda kiubavu, hiyo ni ajali."

"Mzee, Wajapani walianzia kwenye kona za milima yao. Mimi nilianzia kwenye matope ya mtaa wa Baba Dogo, nikisambaza mikate kwa gari."

Akampa, ila kwa sharti kwamba zirudi azikate viatu.

Jumapili akaenda uwanjani mwenyewe, kulinda mali yake. Magari ya wengine yalijaa majina ya kampuni. Toyota ya Wacera ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa brashi: AKALA ZA UBAID, KALOLENI.

Gari likaingia kona, moshi ukatanda. Likaserereka kiubavu mbele ya umati, mlango ukiwaelekea watu wote, na watu wakalisoma jina lake kwa sauti. Gari lingeenda mbele kama alivyotaka yeye, nani angelisoma jina hilo?

Wacera alishika nafasi ya pili. Tairi zilirudi zimelika hadi nyuzi, hazitoi hata kiatu cha mtoto. Ubaid akaitundika moja juu ya meza yake ya kazi.

Kesho yake mteja akainyooshea kidole, akataka akatiwe akala.

"Hiyo siikati," Ubaid akamwambia. "Hiyo imekwenda kiubavu."