Kahawa Yenye Kifuniko

Jitka alipanga chumba cha mbele kwangu, hapa mjini Salatiga, ili asome lugha yetu kwenye chuo cha kule mlimani. Msichana mrefu wa Ucheki. Akiingia jikoni anainama kama anayerukuu. Jioni mimi ndiye niliyekuwa kitabu chake cha mazoezi, maana kitabu cha dukani hakina utani.

Wiki ile walikuwa wanafundishwa maneno ya mara ngapi: kila siku, mara nyingi, mara mojamoja, nadra. Akaniweka kitako na bakuli la karanga katikati.

"Mama anakunywa chai...?"

"Kila siku."

"Mama anagombana na jirani...?"

"Mara nyingi. Yeye ndiye anayeanza, andika hivyo."

"Mama anakula durian...?"

"Nadra. Tunda ghali hilo, mpaka mtu aninunulie."

"Mama amepanda ndege?"

"Bado."

Akaziangalia mvi zangu. "Bado? Si kamwe?"

"Bado, mwanangu. Hapa ukiulizwa umeolewa, hata kama una miaka tisini na huna jino, unajibu bado. Ukisema hapana utaonekana una kiburi, kama vile Mungu amekuonesha ratiba yake."

"Na kufa?"

"Bado pia. Usiniharakishe, nina nguo kwenye kamba."

Akacheka, akaandika. Kisha akaelekeza kalamu kwenye glasi ya kahawa iliyokuwa mezani tangu asubuhi.

"Baba amerudi?"

"Bado."

Akaandika na hilo.

Kahawa ile ni ya mume wangu, Kasdi. Kwetu mwenye nyumba hutengewa glasi yake kila asubuhi, na kifuniko juu ili inzi wasimtangulie. Kasdi alivuka bahari kwenda misitu ya Kalimantan kukata magogo, binti yetu Wening akiwa bado ana meno ya utoto. Barua zilikuja mara nyingi, halafu mara mojamoja, halafu nadra. Unaona? Ningeweza kufundisha chuoni. Barua zilipokatika sikuacha kutenga kahawa. Ikifika jioni naumwagia mpilipili wa nyuma, nao nadhani haujalala miaka mingi. Sikuwa na huzuni, wala sikuwa na tumaini. Mkono ulikuwa unakoroga tu.

Sasa Wening amekuwa mtu mzima, ana mchumba, Prapto, na Prapto anakwenda kufanya kazi kiwandani Korea. Mama yake amesema wazi: mwanawe haondoki bila ndoa, na kama ndoa ya huku haiwezekani, kuna binti mwingine ameshaangaliwa. Ndoa inataka walii wa kumwozesha binti, walii ni baba, na Kasdi hana ndugu wa kiume hata mmoja. Pak Sugriwo, yaani Bwana Sugriwo, msajili wa ndoa, alikuwa ameshakuja kuuliza kama baba amerudi. Kila akija namjibu bado, naye anaaga, anapanda pikipiki yake.

Alhamisi akaja tena, asubuhi, na koti lake la mvua. Akakaa mbele ya ile glasi. Hakuigusa, mtaa mzima unajua ni ya nani. Jikoni Wening alikuwa anakuna nazi.

"Bi Tumirah, hamjambo hapa? Baba Wening amerudi?"

"Bado, Pak."

Kule jikoni nazi ikaacha kukunwa.

"Basi, Mama, mimi sina la kufanya. Baba anayetarajiwa kurudi lazima angojewe. Ingekuwa hajulikani alipo, na nyinyi wenyewe hammtarajii tena, ningesimama mimi mahali pake kama walii. Ila neno hilo siwezi kukusemea."

Wening akatokea mlangoni, mikono myeupe kwa nazi. "Mama, Pak akiondoka hivi leo, akina Prapto wanakwenda kuposa kwingine Jumapili. Wameshaniambia."

"Mwambie mkweo anywe maji apoe."

"Mama, jamani!"

Nilijua hapo napaswa kuumia. Nikajisikiliza. Palikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaubonyeza na huusikii.

Pak Sugriwo akaona haya, akamgeukia mpangaji wangu aliyekuwa amekaa pembeni na daftari lake. "Na huyu mgeni je? Anazungumza lugha yetu? Binti, umeshaonana na Baba mwenye nyumba?"

Jitka akakaa vizuri kama mtoto mbele ya mkaguzi. "Bado, Pak," akasema, akainamisha kichwa. "Bado, inshallah."

"Wah! Hodari huyu!"

Hodari kweli. Mtu wa Ucheki, hata picha ya Kasdi hajaiona, naye ameshaingia kwenye foleni ya kumngoja. Nilimfundisha mwenyewe, na karanga nikampa. Nikamtazama Wening pale mlangoni. Huyo nilimfundisha kabla hajajua kusoma.

"Jitka," nikasema, "lile neno uliloniuliza juzi, la mwisho kabisa."

"Kamwe?"

"Hilo. Pak Sugriwo, Kasdi harudi kamwe. Sijui alipo, na simngoji. Andika unavyojua wewe."

Wening akaketi palepale kizingitini, akajifunika uso kwa mikono yake ya nazi. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilimwona kama unavyomwona mtu aliye ng'ambo ya barabara, magari yakipita. Nikaondoa kifuniko, nikaisogeza glasi mbele ya Pak Sugriwo.

"Kunywa, Pak."

"Mama, hii si ya..."

"Kunywa. Imepoa, lakini sukari imo."

Akainywa kwa adabu mpaka kwenye mashapo. Akasema nikaha itakuwa Jumamosi, akachukua koti lake.

Jitka alinifuata bombani nilipokuwa naosha glasi.

"Mama amelia?" akauliza polepole.

"Bado," nikasema.

Safari hii hakuandika.