Sharubati ya Giaboksi

Oili ya giaboksi ni nyekundu. Wanaume wanalijua jambo hili na hawatuambii, kwa hivyo liweke akilini, dada, kabla ya mengine yote. Ni nyekundu kama sharubati ya waridi, na ikishatiwa chupani hata mwenye gari haitambui.

Asiya wa Kinondo hakujua. Alilolijua siku hiyo ni kwamba Bi Warda alikuwa anatoka Jego kuja kumtazama Nadhira, binti yake Asiya, amposee mwanawe. Na kwamba Idris, mumewe, badala ya kuvaa kanzu, alikuwa amelala chini ya gari miguu nje.

Toyota hiyo ilikuwa kuukuu, na paipu inayopeleka oili ya giaboksi kwenye rejeta ilikuwa imepasuka pale penye kipande cha mpira. Mwezi mzima Idris aliifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na mwezi mzima uani palikuwa na matone mekundu kama kuku amechinjwa nusu akatoroka. Leo amenunua mpira mpya na klipu zake, maana gari hilo ndilo litakalomrudisha mgeni.

"Baba Nadhira," Asiya alikuwa amemwambia asubuhi, "hiyo chupa yako ya oili itoe mlangoni. Watoto wa jirani watainywa, tufungwe."

"Niiweke wapi?"

"Popote! Bora si mlangoni."

Akaiweka jikoni, kando ya chupa ya sharubati. Na hiyo ya oili nayo ilikuwa chupa ya sharubati zamani. Sharubati ilikwisha Ramadhani, Idris akaiona chupa nzuri, kwa nini itupwe?

Bi Warda akafika, akapokewa, akaketishwa ukumbini. Nadhira akampa shikamoo ya kunong'ona, akakimbilia jikoni moyo ukimdunda. Mara sauti ya babake ikatoka chini ya gari:

"Nadhira! Nipe chupa yangu nyekundu!"

Msichana akampitishia dirishani ile iliyokuwa karibu. Iliyobaki akaimimina kwenye jagi la maji baridi, akakoroga. Akakoroga tena.

"Mama, haichanganyiki."

"Koroga polepole, mgeni anakusikia kijiko."

"Nionje?"

"Cha mgeni hakionjwi! Peleka, kisha keti hapo kwa adabu."

Asiya akatoka nje kumhimiza mumewe.

"Bado tu?"

"Nimekata kipande kibovu, nimevisha mpira mpya, nimekaza klipu, nimejaza, nimewasha," Idris akajibu, akitoka uvunguni na masizi usoni. "Lakini tazama. Inatona."

Asiya akainama. Tone lilikuwa limeanguka mchangani, na sisimizi walikuwa wamelizunguka kama waliopewa kadi ya mwaliko.

"Baba Nadhira, tangu lini sisimizi wanakunywa oili?"

Idris akachovya kidole, akalamba. Akalamba mara ya pili, kwa utaratibu.

"Ni tamu," akasema. "Ina waridi."

Wakatazamana. Asiya akakimbia hata leso ikabaki kwenye bampa.

Ukumbini Bi Warda alikuwa ameketi wima, gilasi mkononi. Gilasi tupu.

"Umekunywa?" Asiya akapiga ukelele. "Bi Warda, umekunywa?"

"Nimeshiba, alhamdulillahi. Nzuri sana. Ina... ina mafuta ya kutosha."

"Ni oili ya gari! Ewe Mola wangu! Inuka, tukupeleke hospitali Msambweni sasa hivi! Baba Nadhira, washa ga—"

Akakumbuka. Gari lenyewe limekunywa sharubati.

Nadhira akaanza kulia. Bi Warda naye akaiweka gilasi chini taratibu, akageuza macho kwenye kopo la mrehani lililokuwa dirishani. Majani yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nywele.

"Nisamehe, dada yangu," akasema. "Niliiona inaelea juu ya maji kama mchuzi uliolala. Kukataa nikaona haya. Msichana alipoinamisha kichwa, nikaunywesha mrehani huo."

Asiya akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine yalikuwa machozi ya kweli.

"Na binti hakuonja?" Bi Warda akauliza.

"Nilimkataza mimi."

"Basi ni mtiifu, na hilo ndilo nililokuja kulitazama. Lakini akija kwangu, ataonja."

Mwana wa jirani akamrudisha Bi Warda kwa pikipiki, ameketi upande, mkoba kifuani. Giaboksi ikapelekwa Ukunda kwa fundi Jefwa, akaifungua, akanusa, akasema, "Mzee Idris, hii ilikuwa imefunga? Mbona umeifuturisha?" Aliiosha mara tatu.

Mrehani ulikauka wote. Kwa hivyo, dada, nenda jikoni kwako sasa, usingoje kumaliza kusoma: oili haikai kwenye chupa ya kinywaji, na chupa ya oili haikai jikoni, hata mume aape.

Harusi ilifanyika. Bi Warda alikula pilau ya watu wa Kinondo bila wasiwasi wowote. Lakini cha kunywa alitaka dafu, likatwe mbele ya macho yake, na kabla ya kulitia mdomoni alilichungulia kwanza aone rangi.