Kamba ya Mafundo Mawili

Kagongwa nzima ilijua kwamba Masele hatoki nje. Walijua na sababu yake, maana Eufrasia wa nyumba ya pili hakuwa mtu wa kukaa na habari ikamchachia kifuani. Mwanaume aliyekuwa akibeba magogo begani kama mtu abebaye mwavuli, kiharusi kilimkuta amekaa anakunywa chai, kikamwachia mguu wa kushoto unaoburuzika na mkono uliojikunja tumboni. Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Sasa ulikuwa wa kumi na moja, na muda wote huo alikuwa amevuka geti mara tatu tu, zote kwenda hospitali Kahama.

Si kwamba hakuweza kutembea kabisa. Angeshikwa kwapa, angetembea. Kilichomshinda ni pole. Kagongwa mtu hapiti njiani kimya kimya. Utasimamishwa, utaulizwa watoto, utaulizwa mvua, na kama una ugonjwa utapewa pole na kila mwenye mdomo, kuanzia kwenye mashine za mpunga hadi stendi. Masele alizipokea pole za siku moja, akarudi ndani, akamwambia mkewe kwamba hatoki tena kwenda kuhurumiwa. Fimbo ya miguu minne aliyopewa hospitali aliisukumia nyuma ya kabati. Kiti cha magurudumu hakutaka hata kitajwe.

Paskazia, mkewe, aliuza mchele sokoni. Alikuwa mtu wa watu, na nyumba yake haikuwahi kukosa mgeni wa kula. Lakini kuna maneno ya dada wa mazoezi pale hospitali yaliyomkaa rohoni hata akawa anakosea hesabu ya kilo. Yule dada alimwita pembeni akamwambia bila kuzunguka: mguu ule usipotembezwa kila siku utakaza moja kwa moja, na mtu wa presha anayeshinda kwenye kochi asitarajiwe kukaa sana. Kama hataki kutoka, atafutiwe cha kutembelea humo humo ndani. Akamwelezea mashine moja ambayo mtu husimama juu yake, miguu kwenye vibao viwili, mikono imeshika, vibao vikazunguka naye. Unyayo hauinuki, kwa hiyo hakuna cha kujikwaa. Mwanzoni asiachwe peke yake hata kidogo, na dakika tatu tatu zinatosha.

Basi Paskazia akaenda Kahama kwa Boaz, mwenye duka la vitu vilivyotumika nyuma ya soko. Boaz alizijua hizo mashine. Yeye aliziita za kukanyaga hewa, na alikuwa nazo tatu.

Alimvutia kwanza kwenye ile kubwa, yenye kioo kinachoonyesha mapigo ya moyo, akaisifia mpaka mate yakamkauka. Paskazia aliuliza umeme ukikatika inakuwaje. Boaz akakohoa. Halafu Paskazia akatazama pa kupandia: kibao kilimfika karibu na goti. Akaufikiria ule mguu wa kushoto, akaiacha.

Ya pili ilikuwa nyepesi, ya kukunjwa. Alivua ndala, akakaza kitenge, akapanda. Ilikwenda kwa kushtuka shtuka, kama baiskeli ambayo mnyororo unaruka meno, na alipoegemea upande mmoja nayo ikaegemea. Alishuka kabla haijamwangusha.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka, imetoka kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa. Haikuwa na kioo wala waya. Ilikuwa na gurudumu zito lililofichwa ndani, kitasa cha kulegeza na kukaza, vibao vilivyo chini karibu na sakafu, na vishikio vinne: viwili vinavyokwenda na mikono, viwili vilivyotulia. Paskazia akapanda. Alikwenda hatua kumi kama kawaida, kisha akafanya jambo lililomshangaza Boaz. Aliulegeza mguu wake wa kushoto ukawa kama si wake, mkono wa kushoto akaukunja tumboni, akafumba macho, akasukuma kwa upande wa kulia peke yake. Gurudumu likauchukua ule mguu mfu, likaupeleka mbele, likaurudisha nyuma, polepole, bila kuutupa.

Mlangoni watu walikuwa wamejazana. Mmoja alimuuliza kama Mwanza atafika leo au kesho, wenzake wakacheka. Paskazia aliendelea kukanyaga. Alipofumbua macho yalikuwa na maji, na wale watu wakaona waendelee na safari zao.

"Hii," alimwambia Boaz.

Boaz hakutaka pesa papo hapo. Alimuuliza mzee ana urefu gani, kwa sababu mtu akipanda pale anaongezeka shubiri moja na zaidi, na tayari kuna mteja aliyemrudishia mashine baada ya kugonga kichwa kwenye dari. Akamshauri apime mtu wake, apime na dari yake, kamba tu inatosha. Angemshikia ile ya kijivu hadi kesho.

Kumpima Masele haikuwa kazi ndogo. Ukimwambia ni kwa ajili ya mashine ya mgonjwa, atageukia ukutani na mazungumzo yameishia hapo. Paskazia akasubiri amalize chakula, ajinyooshe kwenye mkeka sebuleni, afumbe macho. Akachukua kamba ya kushonea magunia. Alikuwa amewapimia wanawe viatu vya shule hivyo hivyo miaka yote, wamelala. Akaiweka utosini kwa mumewe, akaishusha taratibu hadi kisigino, akapiga fundo huku na fundo kule. Akapanda kwenye kigoda akapima dari. Nafasi ilikuwepo, ya kubana, lakini ilikuwepo. Akaifunga ile kamba kwenye pindo la kitenge akiwa na furaha ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Kesho yake aliondoka mapema, akamlipa Boaz, wakaifungua mashine vipande viwili ili ikae vizuri, wakaifunika turubai la kijani. Kufika saa nane, guta, ile pikipiki ya miguu mitatu ya mizigo, ikakata kona ya nyumbani kwake.

Uwanja ulikuwa umejaa watu.

Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, kanga kichwani. Wanaume walisimama ukutani, kofia mikononi. Hakuna aliyekuwa anaongea. Paskazia alizijua nyumba za namna hiyo. Amekwenda kwenye nyingi, na sufuria zake zimekwenda kwenye nyingi zaidi. Aliwaza kwamba amechelewa kwa siku moja, kwamba wakati yeye anahesabu noti kwa Boaz, mumewe alikuwa anakata roho peke yake sebuleni.

Nao walikuwa wanamtazama yeye, na kile kirefu kilichofunikwa turubai nyuma ya guta. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Eufrasia ndiye aliyemfuata, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanong'ona.

"Mama Noela. Mtu bado anapumua, na wewe umeshaleta?"

Paskazia hakuelewa. Alisikia anapumua tu. Akampita Eufrasia, akawapita wanawake, akaingia.

Masele alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa shati jeupe la kanisani. Chini yake, kwenye mkeka, zilipangwa zana zake: msumeno, randa, na pima maji, ule ubao mfupi wenye kichupa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Donatus, aliyefanya naye kazi machimbo ya Bugarama miaka kumi na miwili, alikuwa amechuchumaa mbele ya zile zana na hataki kuzigusa.

Hapo ndipo Paskazia alipokumbuka jambo ambalo hakupaswa kulisahau. Machimboni, Masele alikuwa fundi wa matimba, ile miti inayofungwa ndani ya duara, lile shimo la mgodi, ili ardhi isiwashukie wachimbaji. Na kwa kuwa ndiye mwenye mbao na msumeno, ardhi iliposhuka aliitwa yeye. Alimpima marehemu kwa kamba, fundo utosini, fundo kisiginoni, akaenda kupasua mbao za jeneza. Kazi hiyo hakuileta nyumbani hata siku moja, wala hakuisimulia mezani. Lakini mji mzima ulijua kamba ya mafundo mawili ni kamba ya nini.

"Ulinipima," Masele alisema. Mdomo wake ulivuta upande, maneno yakatoka polepole. "Sikuwa nimelala."

"Nilikupima, Baba Noela."

"Sikukasirika. Nilisema, kama daktari amekwambia wewe ukanificha mimi, basi nisikupe kazi ya kugawa vitu. Nigawe mwenyewe." Akamwonyesha Donatus kwa kidevu. "Huyu hataki kupokea."

Paskazia alikaa chini pale pale mlangoni. Alitaka kucheka, kikatoka kilio, kilio kirefu, mpaka wale wa nje nao wakapokea, kila mmoja akiamini ameelewa. Donatus alitoka akawanyamazisha. Baadaye Eufrasia alikiri kwamba asubuhi hiyo Masele alimweleza ya kamba, akamwomba amwitie Donatus peke yake. Hao wengine walikuja kwa jitihada zake mwenyewe.

Alipopata sauti Paskazia alieleza yote. Dada wa mazoezi, mguu utakaokaza, mashine tatu, ile ya kijivu. Masele alisikiliza bila kumkatiza.

"Utosini hadi kisigino ya nini? Miguu si ingetosha?"

"Dari. Ukipanda unaongezeka."

Masele akanyanyua macho akatazama dari. Aliitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama paa la duara kabla hajamruhusu mtu ashuke. Akaomba ile kamba. Paskazia akaifungua kwenye pindo, akampa. Aliipitisha kwenye vidole vya mkono mzima, kutoka fundo hadi fundo.

"Hiki ni kipimo cha mtu aliyelala," alisema. "Mtu akilala anarefuka. Wote niliowapima nilikuta wamelala, ndiyo maana najua. Huwezi kupimia dari kwa kipimo hiki."

"Nipime nimesimama."

Donatus alimshika kwapa la kushoto, Paskazia kulia, wakamweka ukutani. Kisigino cha kushoto kilikataa kugusa ukuta. Donatus akapiga goti akakisogeza kwa mkono. Masele alinyoosha mgongo. Alitetemeka kuanzia kiunoni kwenda juu, jasho likamtoka, na bado akasema wasiharakishe, wapime vizuri. Kamba ilimpita kwa vidole viwili. Alimwambia mkewe apige fundo la tatu, pale pale kichwa kilipoishia.

Mashine ikaingizwa na wanaume wanne. Waliiweka karibu na dirisha, na Masele, ambaye sasa alikuwa amekalishwa na kupewa maji, akasema hapana, sakafu hapo imezama. Akaomba pima maji. Donatus akaitoa kwenye mkeka bila kungoja aambiwe mara mbili, wakasogeza, wakaweka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, hadi kile kiputo kikakaa katikati.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani. Paskazia alitaka kuwatoa. Masele akasema wakae, ila atakayempa pole atoke.

Alipandishwa. Mkono wa kushoto walimfungia kwenye kishikio kilichotulia kwa kitambaa, wa kulia ukashika wenyewe. Paskazia alisimama nyuma yake, mikono yote miwili kiunoni kwa mumewe, kipaji cha uso kimegusa lile shati jeupe. Aliusikia mguu wa kulia ukisukuma. Akasikia gurudumu zito likianza kuzunguka ndani, na ule wa kushoto ukichukuliwa mbele. Eufrasia dirishani alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Hatua ya saba ilikwama, wakasubiri, ikatoka. Alifika kumi na moja, akasema inatosha, wakamshusha.

Waliokuja kuaga walipikiwa wali, kwa maana mchele ulikuwepo, na hakuna aliyeondoka kabla ya kula. Donatus alipoanza kuzirudisha zile zana kabatini, Masele alimtazama kutoka kwenye kochi. Randa aliiacha iingie. Pima maji pia. Alipofika kwenye msumeno, akamzuia.

"Huo ondoka nao," alisema. "Unataka mikono miwili."

Donatus akauzungushia gunia, akautia kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma ili wale wa uwanjani wasione msumeno wakaanza kulia upya.