Fomu Ilifika Jumatatu

Sijui ni mtu gani mwenye akili timamu aliyepanga mambo ya kuajiri mawakili namna hii: kwanza wakuketishe, wakupe chai, wakuache uongee mpaka mate yakukauke, halafu siku tano baadaye ndipo wakuletee fomu ya kukuuliza unabeba siri za nani. Lakini ndivyo walivyonifanyia pale Milimani, Nakuru, na mimi Chesang, wakili wa miaka saba, niliongea. Nitajilaumu mimi kwanza. Wengine watafuata.

Miaka hiyo saba nilikuwa Gilgil kwa Mzee Hiram, wakili mkongwe ambaye ofisi yake iko juu ya duka la mabati. Unamhoji mteja huku chini wanakata vyuma. Nilichoka. Nilitaka ofisi yenye zulia na maktaba, na watu wa kujadiliana nao sheria, badala ya Mzee Hiram anayesinzia saa nane mchana faili ikiwa kifuani. Nilipoona tangazo la kampuni kubwa ya mawakili mjini Nakuru, niliandika barua siku hiyo hiyo.

Mteja niliyempenda kuliko wote kule Gilgil alikuwa mjane aitwaye Rahab, ambaye sote tulimwita Mama Sue kwa jina la binti yake. Mwaka 2008 mumewe alinunua ekari nne kutoka kwa mzee jirani, kipande cha shamba la mzungu la zamani lililokatwakatwa. Wakajenga, wakapanda viazi na mahindi. Hati ya shamba haikuwahi kubadilishwa jina. Mwaka 2013 mume alikufa kwa ajali barabarani, na karatasi ya mauziano ikapotea pamoja na mkoba wake. Yule mzee aliyeuza naye akafariki mwaka 2018. Miaka mitano baadaye mwanawe, Ndegwa, akatoka Nairobi na hati ya baba yake mkononi, akamshtaki Mama Sue ahame.

Bila karatasi, tulibaki na njia moja tu. Sheria inasema mtu akikaa kwenye shamba la mwenzake miaka kumi na miwili mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imwandikishe kuwa mmiliki. Mama Sue alikuwa amekaa kumi na mitano. Lakini iwe ni bila ruhusa. Kesi yote ilisimama juu ya maneno hayo mawili.

Siku moja tukiandaa hati yake ya kiapo, akaniambia jambo. Mumewe alipokufa, kabla kaburi halijachimbwa, alinunua kilo mbili za sukari akaenda kwa yule mzee. Akamwambia, "Baba, nimekuja kuomba nimzike mume wangu pale, na mimi na mtoto tuendelee kukaa." Mzee akapokea sukari, akasema, "Kaa, mama."

Hakuwa na haja ya kuomba. Shamba lilikuwa limelipiwa hadi shilingi ya mwisho. Ilikuwa ni adabu tu. Huku kwetu mjane hachimbi kaburi kimyakimya kama mwizi. Anaenda kwa wakubwa, anabeba kitu, anaomba hata kilicho chake. Mtu wa pwani au wa mjini anaweza kushangaa, lakini mimi sikushangaa. Mama yangu angefanya vivyo hivyo.

Lakini kwa sheria lile "Kaa, mama" ni ruhusa. Adabu ile ilikuwa imeikata ile miaka kumi na miwili katikati. Nikamuuliza nani mwingine anajua.

"Mungu anajua, na yule mzee marehemu," akasema. "Na sasa wewe."

Nikamwambia akiulizwa mahakamani aseme kweli, mimi sitamfundisha kudanganya. Lakini nikamwambia pia kwamba hakuna atakayemuuliza, kwa sababu hakuna anayejua. Akashusha pumzi. Siku hiyo aliniachia mfuko wa viazi chini ya meza.

Basi Jumatano moja nikaenda Nakuru kuhojiwa. Mwenye kampuni alikuwa Bwana Kimeli, mtu wa tabasamu na sauti ya taratibu, na pembeni yake alikaa mwenzake, Sydney. Waliniuliza mambo ya kawaida. Kisha Kimeli akaegemea kiti.

"Wakili, hebu tupe kesi moja iliyokunyima usingizi. Bila majina, of course."

Bila majina! Nikajiona mjanja. Nikaanza: kuna mjane mmoja, kuna kaburi, kuna kilo mbili za sukari. Nilisimulia vizuri mno, Mungu anisamehe, na mikono nikaitumia. Nilitaka waone ninavyoelewa sheria, waone kwamba mtu wa Gilgil si mtu wa kubeza. Nilimwaga mtama wote.

"Sukari tu?" Sydney akacheka. "Hiyo ndiyo inaua kesi?"

Kimeli hakucheka. Aliuliza swali moja. "Na hiyo ilikuwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na tatu," nikasema.

Akaandika kitu kwenye daftari lake dogo. Nilidhani ananipa maksi.

Ijumaa walinipigia simu kwamba nimepata kazi. Mzee Hiram alinikumbatia, akanipa kalamu yake ya wino, na kiti changu akampa kijana anayeitwa Gedion. Jumatatu nikaripoti Milimani, na Jumatatu hiyo ndipo ile fomu ikafika mezani kwangu. Kurasa nne. Orodhesha kila mteja uliyemhudumia na kila mpinzani wake, ili kampuni ihakikishe hakuna mgongano wa maslahi. Niliijaza kwa uaminifu kama mtoto wa shule. Rahab nikamwandika, na Ndegwa nikamwandika.

Kimberly, karani anayelinganisha majina hayo na rejista ya wateja, aliniita kabla ya chakula cha mchana.

"Wakili, huyu Ndegwa ni client wetu."

"Haiwezekani. Wakili wake yuko Nairobi."

"Alikuwa. Faili imekuja hapa three weeks ago. Hata barua ya kuwajulisha nyinyi wa Gilgil ndiyo hii, bado haijatumwa."

Niliingia kwa Kimeli bila kubisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Relax, Chesang. Ndiyo maana tuna fomu. Tutaweka ukuta."

Ukuta wenyewe ulikuwa karatasi moja. Faili ya Ndegwa ifungiwe kabatini, ufunguo akae nao Kimberly. Mimi nisiiguse faili hiyo, na nisizungumze habari zake na mtu yeyote, ndani wala nje ya ofisi, wakiwemo Rahab na wakili wake.

"Na ile hadithi niliyowaambia Jumatano?" nikauliza.

"Hadithi gani?" Kimeli akasema. "Hukutaja jina."

Hapo ndipo ningeinuka niende zangu. Hapo hapo. Ningerudi Gilgil nikamwambie Mzee Hiram kila kitu, aende mahakamani aombe kampuni hii iondolewe kwenye kesi kabla Mama Sue hajapanda kizimbani. Lakini kiti changu kilikuwa na Gedion, na barua yangu ya kazi ilisema miezi sita ya majaribio. Nikanywea. Nikatia sahihi kwa kalamu ile ile ya Mzee Hiram.

Kampuni ilimwandikia Mzee Hiram kumjulisha kuhusu ukuta na kumuuliza kama ana pingamizi. Alijibu kwa mstari mmoja. Kimberly alinionyesha, akidhani ananifurahisha: "Sina pingamizi. Namwamini Chesang."

Miezi minne nilijidanganya. Nilijiambia Kimeli ni mzee wa kanisa, ana heshima zake, hawezi. Siku ya kesi nilikuwa na shughuli nyingine katika mahakama hiyo hiyo, nikajiingiza nyuma nikaketi. Mama Sue alikuwa kizimbani na kitambaa chake cheupe cha kanisani.

"Mama, pole kwa kumpoteza mzee wako," Kimeli akaanza, kwa upole wa kumliwaza mtoto.

"Asante."

"Kabla hajazikwa, kuna mahali ulienda?"

Mama Sue alinyamaza. Nilijua ananyamaza kwa nini. Alikuwa anahesabu wanaojua: Mungu, marehemu, na mimi.

"Nilienda kwa mwenye shamba."

"Ukabeba nini?"

"Sukari."

"Kilo ngapi, mama?"

"Mbili."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimuomba aturuhusu tukae."

"Naye akasema?"

"Akasema, kaa, mama."

Jaji akaandika. Mzee Hiram alipekua karatasi zake kana kwamba jibu lilikuwa limeangukia humo, kisha akageuka taratibu, akaniona pale nyuma. Akavua miwani. Mimi nikainamisha kichwa, nikatoka.

Ningeweza bado kusema. Ningeandika hati ya kiapo kwamba swali lile lilitoka kinywani mwangu. Niliianza mara tatu, na mara tatu nikaichana, kwa sababu miezi miwili ya majaribio ilikuwa imebaki. Nataka hili lieleweke vizuri: hakuna aliyenitisha. Niliogopa tu.

Hukumu ilisomwa Agosti. Siku tisini ahame, na kama kuna kaburi, familia ya Ndegwa na yake wakubaliane kuhusu kulihamisha.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Kimberly akanipigia simu ya ndani. "Kuna mathe hapa chini. Anasema wewe ni mtoto wake."

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu anayeogopa kulichafua. Alisimama aliponiona, akanishika mikono yote miwili.

"Chesang mwanangu, sikuja kukusumbua. Najua hamruhusiwi. Nimekuja kwa Bwana Kimeli." Akafungua kikapu. "Shamba wachukue. Nataka tu amuombe Ndegwa waniachie kaburi. Mzee amelala pale miaka mingi. Sasa nimfukue nimpeleke wapi?"

Akatoa kilo mbili za sukari, akaziweka mezani.

Nilizitazama. Kisha nikasema, na Kimberly akiwa pale pale, "Mama Sue, ni mimi niliyewaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Ile sukari. Waliniuliza nilipokuja kutafuta kazi. Sikutaja jina lako, lakini nilisema."

Hakulia. Ningeshukuru angelia, au anizabe kofi. Alikaa tena, polepole, akashika magoti.

"Mzee Hiram alisema ni wewe," akasema. "Nikagombana naye. Nikamwambia asirudie kulitaja jina la mtoto wangu namna hiyo."

Nikaanza kusema pole. Akainua mkono, nikanyamaza. Alikunja kikapu chake kitupu, akafunga kitambaa vizuri, akasimama. Mlangoni akageuka akaonyesha meza.

"Umpelekee tu," akasema. "Nimetoka nayo Gilgil."

Nikapanda ngazi na ile sukari. Kimeli alikuwa anasoma. Nikamweleza ombi la kaburi, neno kwa neno. Alisema hayo ni ya mteja, atamgusia wakizungumza. Kisha akaiona sukari mkononi mwangu.

"Hiyo weka jikoni," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikaiweka jikoni.