Sweta Iliyofungia Bakuli

Mimi na mkwe wangu, mama wa mke wa mwanangu, hutuma boksi moja kila sikukuu. Watoto wetu wanaishi ng'ambo, na ofisi ya mizigo hutoza kwa boksi, haijali limejaa pamba au mawe. Basi tunachangia boksi, na kadi tunachangia. Yeye ana mwandiko mkubwa wa kukimbia. Akishamaliza, mimi hubakiwa na kona ya chini, panapotosha "Mungu awalinde" na neno "Mama". Mwandiko wangu ni wa polepole, wa mtu aliyeishia shule ya msingi, na sijawahi kumwambia anisogezee nafasi.

Simu nayo ni yake. Yangu ni ya vitufe, haioni mtu. Watoto wakitaka kutuona wanapiga kwake, nami naitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Nikifika, nimeshafunga kitambaa kichwani vizuri, mjukuu wetu ameshaimba, ameshacheza, ameshachoka. "Kwaheri, Bibi," anasema, akimtazama yeye. Siku moja mama yake alimwuliza, "Na yule pale ni nani?" Mtoto akafikiri, akajibu, "Bibi anayekaa na Bibi."

Mkwe wangu alicheka akashika mbavu. Nami nilicheka. Meno si moyo.

Mungu hapendi kijicho, hilo nalijua. Tangu mume wangu afariki sijakosa ibada, na kila nikipiga magoti namwombea mkwe wangu afya na wateja, maana anauza vyombo sokoni. Lakini nikiinuka tu, roho inarudi palepale. Kwa nini yeye? Mtoto ni wa mwanangu. Pua ile ni ya marehemu mume wangu, haikutoka kwa muuza vikombe.

Sikukuu iliyopita nilimfumia sweta ya njano. Wakapiga simu, wakashukuru vikombe, wakashukuru majani ya chai, wakashukuru hata sabuni. Sweta hakuna aliyeitaja. Nikanyamaza, shukrani haiombwi. Safari hii nikafuma nyingine, kubwa zaidi, nyekundu, yenye kofia na masikio mawili ya sungura. Nilisema moyoni: hii hata kipofu ataiona. Na mtoto akiivaa atauliza ni nani aliyeifuma, na hapo ndipo atakaponijua.

Siku ya kufunga mzigo nilikuta sebule ya mkwe imejaa magazeti na seloteipu. Nilimkabidhi sweta yangu, nikainama kupanga sabuni chini ya boksi. Nilipoinuka niliona masikio ya sungura yakizama ndani ya bakuli. Alikuwa ameviringishia sweta yote kwenye bakuli kubwa lenye maua ya buluu, mikono ameifunga fundo.

"Mkwe, unafanya nini?"

"Nalivisha bakuli nguo za safari!" Akacheka. "Sufu yako haina mpinzani. Mwaka jana nilifungia vikombe, hakikupata ufa hata kimoja. Mkono wako una baraka, mkwe."

"Mwaka jana. Ile ya njano?"

"Ile ile."

Nikakaa kitini. Kumbe kazi yangu yote ilifika kule ikiwa kifungashio, ikawekwa kando pamoja na magazeti.

"Ifungue," nikasema.

"Si wataifungua wao, wavae?"

"Nani avae kilichotoka kwenye kikombe kama tambara? Ifungue. Bakuli tulifunge kwa magazeti."

"Magazeti!" Akaweka mikono kiunoni. "Mkwe, bakuli hili ni pacha wa lile alilonywea uji binti yangu toka hajaota meno. Nimelitunza kabatini miaka yote, silitaki sokoni, ili mjukuu naye anywee humo. Wewe unaniambia magazeti?"

"Wauza mayai wanatumia magazeti, na mayai yanafika."

"Yanafika sokoni! Hayapandi meli!" Halafu akanitazama vizuri, kicheko kikamtoka usoni. "Hivi mkwe, unalionea wivu bakuli?"

"Silionei."

"Basi unamwonea nani?"

Nililifungua fundo mwenyewe, nikanyoosha mikono ya sweta, nikaikunja na kuiweka juu kabisa, masikio yamesimama, ili boksi likifunguliwa tu wakutane nayo. Bakuli akalifunga yeye kwa magazeti, gazeti juu ya gazeti, bila neno. Mwanamke yule akinyamaza, hata saa ya ukutani unaisikia.

Ofisini karani wa mizigo aliligonga boksi kwa vidole. "Kuna cha kuvunjika humu, mama zangu?"

"Mwulize huyu," mkwe akasema. "Ndiye fundi wa mayai."

Karani akatutazama mmoja mmoja, akabandika alama ya glasi pande zote, akasema hapo yeye amemaliza, yaliyobaki ni ya Mungu. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko nilivyokusudia.

Nilirudi kwenye maombi yangu, lakini sikujua niombe nini. Kuomba bakuli livunjike ni dhambi. Kuomba lifike salama ulimi ulikuwa mzito. Nikaombea mabaharia.

Simu ilipokuja, mkwe aliniita kwa kupunga mkono dirishani, si kwa kelele zake za kawaida. Nilivuka barabara mbio. Kwenye kioo alikuwa mkamwana wangu, macho mekundu, ameshika kipande chenye ua la buluu.

"Vipande vitupu, Mama," alikuwa akimwambia mama yake. "Mwaka jana mlifunga vizuri na kile kitambaa cha njano. Safari hii imekuwaje?"

"Kitambaa kipo?" nikauliza.

"Kipo, Mama, shikamoo," mwanangu akadakia. Akageuza simu kuelekea mezani. "Hiki hapa, kinatusaidia sana." Sweta yangu ya njano ilikuwa imelala pale, birika la moto juu yake, mkono mmoja unaning'inia.

Mkwe wangu aliona. Akanigeukia. Nikangoja aseme: mwulizeni huyu, fundi wa mayai. Alikuwa na haki. Ningekuwa mimi, ningesema.

"Safari ni ndefu, mwanangu," akamwambia binti yake. "Vyombo huvunjika. Futa machozi."

Hapo mjukuu akaingia akikimbia, mwekundu mwili mzima, masikio yanaruka. Alikuwa hataki kuivua, mama yake akasema, hata kulala analala nayo. Mtoto akasogeza uso kwenye kioo mpaka tukaona pua tu, ile pua.

"Asante, Bibi!" Akamtazama yeye, kama siku zote.

Mkwe angeweza kupokea. Nani angemlaumu? Bakuli lake lilikuwa vipande, asante ilikuwa mlangoni. Akanyanyua simu, akaigeuza mpaka ikanijaa usoni.

"Si mimi, mjukuu wangu. Aliyefuma ni huyu. Bibi yako mwingine, mama wa baba. Na ile ya njano chini ya birika ni yake pia. Ni sweta, mwambie baba aitoe."

Kule mezani nikasikia birika likiinuliwa haraka. Mtoto alinitazama. Akavuta kofia, akafunika uso, akafunua. Akafunika, akafunua. Nami nikafanya hivyo hivyo na kitambaa changu, mtu mzima mimi, mpaka akaanguka kwa kicheko.

Nilipogeuka, mkwe alikuwa ameshaniachia simu mkononi. Alikuwa jikoni anapanga sufuria zisizohitaji kupangwa, anazigonga kwa makusudi, ili nijue hasikilizi. Nikamwonea wivu upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Simu ile, mimi nisingeiachia.