Chanjo ya Siri

Mwaka ambao vita vya Wazungu vilikuwa vinaelekea kwisha, ndui iliingia kisiwa cha Jibondo. Ililetwa na baharia mmoja aliyeshushwa pale akiwa na homa, na kabla wiki tatu hazijatimia, nyumba saba zilikuwa na wagonjwa. Habari zilipofika Ndagoni, watu walianza kupeana salamu kwa mbali. Muhidini, bwana chanjo, akatumwa azunguke vijiji vyote vya Mafia na sanduku lake la dawa.

Kijakazi alizisikia habari hizo kisimani. Wanawake wenzake waliokuwa wakizungumza walishusha sauti alipofika, maana wote walijua yaliyompata mwanawe Ussi.

Ussi alikuwa mtoto wake wa kwanza. Miaka sita nyuma, Muhidini huyo huyo alipita Ndagoni akichanja watoto, na Kijakazi akampeleka mwanawe, wakati huo ana miaka miwili. Mkono ulivimba ukatoa lengelenge, kama walivyoambiwa utafanya. Siku ya tisa mtoto alishikwa na homa kali na degedege, akafa kabla ya adhuhuri. Baba yake, Shaibu, alimwosha na kumzika kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi kutoka makaburini alisema maneno machache tu: hakuna mtu wa serikali atakayemgusa tena mtu wa nyumba yake kwa sindano. Kijakazi hakumbishia. Yeye ndiye aliyempeleka.

Sasa walikuwa na binti, Biubwa, mwenye miaka mitano. Waliishi na mama yake Shaibu, Bi Thuwaiba, ambaye uso wake ulikuwa na matundu ya ndui aliyougua utotoni.

Kazi ya Shaibu ilikuwa kupeleka maji Jibondo. Kisiwa kile ni kikavu, maji yake ya chumvi, na watu wake hunywa yanayoletwa kwa chombo. Ndui ilipoanza, wachukuzi wengine wawili waliacha kwenda. Shaibu hakuacha. Alikubaliana na watu wa kule kwamba atashusha mapipa ufukweni, atapiga kelele, kisha atasogea mbali ndipo wao waje kuchukua.

"Wana wagonjwa wenye homa," alimwambia mkewe. "Mtu mwenye homa utamwachaje bila maji?"



Muhidini alifika Ndagoni siku ambayo Shaibu alikuwa Jibondo. Kijakazi alimwona toka mbali, ameketi barazani kwa jumbe, watu wachache wamepanga foleni. Alirudi ndani. Akatoka. Akarudi tena. Mwisho alimshika Biubwa mkono na kwenda kusimama mbele ya yule bwana.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama." Muhidini alimtazama, kisha akaweka sindano chini. "Wewe ni mama yake Ussi."

"Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Basi niambie kweli. Ni wewe uliyemuua?"

Watu kwenye foleni waligeuka. 

"Mwezi ule homa iliua watoto watano hapa kijijini. Wawili kati yao sikuwachanja. Lakini nikikuapia kwamba haikuwa chanjo, nitakuwa mwongo. Sijui, mama. Nimekuwa nikijiuliza mwenyewe. Ninachokijua ni ndui. Nimetoka kuiona Jibondo juzi."

Kama angeapa, Kijakazi angeondoka. Alimsogeza binti yake mbele.

Mtoto alilia kidogo tu. Alipomaliza, Muhidini alimwomba mama naye atoe mkono. Kijakazi alimwonyesha makovu mawili yaliyofifia karibu na bega; alichanjwa akiwa msichana.

"Haya yamezeeka," alisema Muhidini. "Nguvu yake huisha. Kila baada ya miaka michache ni lazima kurudia. Watu wengi hudhani ukichanjwa mara moja ndiyo basi."

Akamchanja. Kisha akauliza, "Na mzee wa nyumba?"

"Hatakubali."

"Mwambie nitakuwa Baleni mpaka ndui iishe. Aje wakati wowote, hata akinikuta nimelala aniamshe. Anayekwenda Jibondo ndiye anayehitaji kuliko nyinyi wote."

Njiani Kijakazi alimwambia Biubwa kwamba wakiulizwa, mkono umechomwa na mwiba. Mtoto aliitikia kwa kichwa. Bi Thuwaiba aliyaona yote walipoingia ndani, lakini hakusema neno.

Siku ya nane Biubwa alipatwa na homa. Shaibu alirudi kutoka baharini akamkuta amelala ukumbini, midomo imekauka. Alitupa kofia yake chini, akakaa kando ya mkeka, akaanza kumpepea. Alikataa kula. Mchana kutwa alimpepea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akimtia maji kinywani kwa kijiko.

"Kitambaa hiki mkononi cha nini?"

"Mwiba," Kijakazi alijibu.

Shaibu aliitikia tu. Baadaye, mtoto alipopata usingizi, alisema kwa sauti ya chini, "Unajua ninachofikiri? Kama ningekuwa nimemwacha yule mtu amguse huyu, leo ningekwenda Baleni nikamshike koo."

Kijakazi alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake. Mkono wake mwenyewe ulikuwa unawaka chini ya kanga, joto limempanda mpaka shingoni. Alifungua kinywa. Alimwona mumewe akiweka kiganja juu ya paji la mtoto, akakiondoa, akakiweka tena. Akafunga kinywa. Alijiambia atasema kesho, mtoto akipona, Shaibu atakapokuwa na furaha na hasira yake itakuwa fupi.

Baada ya siku mbili homa ilishuka. Biubwa aliomba muhogo wa kuchoma, akaula wote. Shaibu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema Jibondo wamekaa siku mbili bila maji, akaenda kupakia mapipa. Kijakazi alimfuata mpaka ufukweni.

"Una neno?" Shaibu aliuliza.

"Hapana. Urudi mapema."

Alirudi mapema. Kwa siku kumi na mbili zaidi alikwenda na kurudi, na kila siku Kijakazi aliahirisha. Mahali pa chanjo palikuwa pamekauka, limebaki gaga. Siri ilivyozidi kukaa ndivyo ilivyozidi kuwa nzito kuitoa, maana sasa asingeungama chanjo tu. Angeungama na uongo wa mwiba pia.

Siku ya kumi na tatu Shaibu alishuka chomboni akiyumba. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha nazi nyuma ya nyumba, akafunga mlango, akaita toka ndani.

"Mama Biubwa! Mchukue mtoto uende kwa kaka yako. Mgongo unaniuma na kichwa kinapasuka. Mama yangu atanitazama, yeye ndui ilimpata zamani. Nyinyi ondokeni. Usiufungue mlango huu!"

Kijakazi aliufungua. Shaibu alijivuta mpaka ukutani akaficha uso kwa mikono.

"Nimekwambia toka! Unataka kumwachia nani mtoto?"

Kijakazi alishusha kanga begani akamwonyesha mkono. Kovu jipya lilikuwa jekundu bado, kando ya yale mawili ya zamani.

Shaibu alilitazama.

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Ile homa ilikuwa hiyo?"

"Ndiyo ilikuwa hiyo."

Alidhani atapigiwa kelele. Shaibu aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. "Alhamdulillahi," alisema. Akarudia mara mbili, tatu. Machozi yalimtoka. Kisha akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Siku ile ningepiga kelele," alisema Shaibu polepole. "Ningepiga kelele, ningelala na hasira. Halafu asubuhi, nikimwona mtoto anakula muhogo, labda ningekwenda Baleni mwenyewe." Akaomba maji.

Kijakazi na Bi Thuwaiba walimuuguza kwa zamu. Malengelenge yalimjaa usoni, viganjani, mpaka kooni, hata maji aliyoyabeba miaka yote hakuweza tena kuyameza. Biubwa aliruhusiwa kusimama mlangoni kumwita, naye baba alinyanyua kidole kumjibu. Siku ya kumi na moja hakunyanyua kitu. Alifariki baada ya sala ya alasiri. Walimzika wanaume sita, wote wenye makovu ya chanjo au ya ndui, na Muhidini alikuwa mmoja wao.

Kijakazi aliingia eda. Usingizi ulimkimbia. Usiku mmoja alimwuliza mkwewe, "Mama, wewe ulijua. Mbona nawe hukumwambia?"

Bi Thuwaiba alikuwa akivuta tasbihi. Akaiweka chini.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema. "Na wewe ulikuwa unangoja kesho. Usinitafutie mimi kosa, mwanangu, wala usijitafutie peke yako. Ni letu sote watatu. Hata yeye, aliifanya nyumba hii isiweze kutaja hata jina la chanjo."

Wakalia pamoja, bila kusogeleana.

Wiki iliyofuata alikuja mwanamume kutoka Jibondo kutoa rambirambi, jina lake Kombo. Alisimama uani akazungumza kupitia pazia. Alisema Shaibu alishika masharti yao kila siku isipokuwa moja. Siku ile alikuja baada ya kukosekana siku mbili, na bibi mmoja mwenye wagonjwa wawili alishuka ufukweni na mtungi, hana nguvu ya kuunyanyua. Shaibu alimbebea mpaka ndani ya nyumba, akawanywesha wale wagonjwa, ndipo akaondoka.

"Wakoje sasa?" Kijakazi aliuliza.

"Mmoja amekufa. Mmoja amepona, macho hayaoni. Bibi ni mzima."

"Na maji mnapata wapi?"

"Hatupati ya kutosha. Ndilo jambo la pili lililonileta. Hemedi, huyu jirani yenu, yuko tayari kuyaleta, akipewa chombo cha marehemu."

Hemedi alikuwa amesimama nyuma yake. Kijakazi alimwita asogee karibu na pazia.

"Umechanjwa?"

"Nilichanjwa zamani, dada. Nilipokuwa mdogo."

"Imezeeka. Nenda kwa Muhidini urudie."

"Hiyo si kitu, dada. Mwenyewe wiki hii nina shughuli, na mke wangu hapendi mambo ya sindano. Tutaona mbele ya safari."

Ndipo Kijakazi, ambaye hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda, alipopiga kelele. Alimwambia Hemedi hagusi kamba ya chombo kile, hagusi pipa, mpaka amwonyeshe Bi Thuwaiba kidonda kibichi mkononi. Alimwambia amlete na mkewe hapa hapa uani, huyo mke agombane na Kijakazi mwenyewe, amtukane akitaka, na watoto wao walie. Alisema sana, hata yasiyokuwa na mpango. Wapita njia walisimama. Bi Thuwaiba alitoka ndani kuja kumtuliza, kisha akamwacha.

Hemedi aliinamisha kichwa. Aliaga, akashika njia ya Baleni jua likiwa bado juu.

Kijakazi alikaa chini nyuma ya pazia, akajifunika uso kwa kanga. Biubwa alikuja kumwuliza kwa nini amegombana na mjomba Hemedi. Alimpakata, akaligusa kovu la chanjo mkononi mwake.